Mwalimu wa Tarumbeta na Kitambaa Chake

Jina lake silitaji. Akisikia nimelitaja bila kutanguliza "Mwalimu" atataka kupanda basi kutoka Iringa aje Mbeya kunifinya sikio, na hali yake ya sasa haimruhusu kupanda basi. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, nani alimzaa nani, hayo waulizeni wazee. Wao ndio wasioweza kumweleza mtu bila kwanza kumfukua babu yake. Mimi naanzia puani.

Pua ya Mwalimu wa tarumbeta ilikuwa imeziba. Siyo kuziba kwa mafua, leo imeziba, keshokutwa imezibuka. Iliziba tangu nimjue, na nilimjua nikiwa bado natambaa uani kwetu hapa Iyunga, maana kati ya chumba chake na nyumba yetu palikuwa na uzio wa michongoma tu. "Amina" yake ilitoka "Abida". Kanisani sala ilipoisha watu wote walisema Amina, halafu nyuma kabisa, kwenye benchi la bendi, sauti moja nene ikamalizia Abida, na mimi na mwenzangu Atupele tukaanza kutikisika mabega mpaka mzee wa kanisa ageuke. Darasani kwetu alikuwepo msichana Mwislamu anaitwa Abida kweli. Tulimpa taarifa kwamba Walutheri wanamwombea kila Jumapili. Akasema tuwaambie asante, ila waongeze na hesabu.

Asubuhi Mwalimu alipenga kamasi kwa nguvu za mtu anayepanda noti ya juu, na mama yangu, ambaye ni fundi cherehani, alisema hiyo ndiyo saa yake ya kuamka, haihitaji betri. Mara nyingine alipenga damu, magamba magamba. Ukimuuliza alisema ni vumbi la malori. Barabara kuu inapita hapo hapo, malori ya Zambia na Kongo yanapanda kutwa kucha, kwa hiyo kila mtu Iyunga ana jambo analoyasingizia. Kuna bibi anayasingizia binti yake kukosa mchumba.

Sikio lake la kushoto nalo lilikuwa halisikii vizuri. Hebu fikiria, mwalimu wa muziki mwenye sikio moja. Ukijua hukufanya mazoezi, ulikaa kushoto kwake, na benchi la kushoto likawa linagombaniwa kama siti ya dirishani. Ila alijua. Katikati ya wimbo aligeuka ghafla, sikio zima likakuelekea wewe, ukakamatwa na kosa likiwa bado liko mdomoni.

Magoti yalimuuma pia. Akasema ni baridi ya Mbeya, kwamba kwao Iringa baridi ina adabu, hii ya huku inaingia bila kubisha hodi. Mnyakyusa akimsalimu "Ugonile", yeye alijibu "Kamwene", kwa Kihehe, miaka yote, bila kukosea hata siku moja. Mama alimwambia, Mwalimu, umekula ndizi zetu mpaka umeota mgomba tumboni, salamu tu imekushinda. Akasema ndizi hazina lugha.

Kitu cha pili kumhusu ni kitambaa. Mama alimkatia vitambaa kutoka kwenye vipande vyeupe vinavyobaki akishona kanzu za kwaya, akavipinda kingo vizuri. Mwalimu alivifua mwenyewe, akavitia bluu ya kufulia, akavianika juu ya michongoma, akavipiga pasi ya mkaa na kuvikunja mraba. Mtu huyu kola za mashati yake zilikuwa zimeliwa kama mahindi ya kuchoma, lakini kitambaa chake ungeweza kukitandika meza ya Bwana. Alifutia midomo kila wimbo ulipokwisha. Na kilikuwa sheria. Kikiinuliwa juu, bendi nzima inanyamaza, hata kama noti imefika nusu ya koo. Mimi nilikiita bendera ya kusalimu amri. Akanisikia, kwa sikio zima bahati mbaya.

"Bi Vurugu," akasema, maana hilo ndilo jina alilonipa, "hiki kikipanda, wewe unashuka."

Nikashuka. Nikafagia ukumbi mzima peke yangu huku wenzangu wakipita mlangoni kunipungia leso zao.

Kwenye bendi yake hakuna aliyekabidhiwa tarumbeta akianza. Ulipewa mdomo tu, yaani kile kipande kidogo cha chuma unachowekea midomo, ukaambiwa nenda nacho nyumbani kapulize. Kinatoa sauti ya nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Mpaka siku utakayoweza kupiga wimbo mzima kwa mdomo mtupu, watu wakautambua, tarumbeta lenyewe utaliona kwa macho tu. Mimi nilipuliza mvua zote za masika. Mama alinifukuza ndani, jirani alinifukuza uani, nikaishia kwenye korongo nyuma ya nyumba ambako mbuzi wa watu walianza kunifuata wakidhani nina habari zao. Nilipomweleza Mwalimu hakucheka.

"Ndiyo maana nawaambia msipige kama mnamwita mbuzi," akasema. "Wewe umefaulu hata kumpata."

Neno lake lingine lilikuwa "Mabega hayana mapafu." Alitaka tupumue kwa tumbo, na ukiinua mabega alikuja kuyasukuma chini kwa viganja kama anafunga sanduku lililojaa. Tena hukupumua ulipotaka. Kila wimbo ulikuwa na mahali pake pa kupumulia, na pale yeye alionyesha kwa mkono wa kulia, anauinamisha na kuuinua kama mtu anayechota maji ndooni. Mkono ukichota, bendi nzima inavuta. Ukivuta mahali pengine anakujua. Atupele, anayepiga besi na ana kifua kikubwa kuliko wavulana wote wa kidato cha tatu, alijaribu kuibia pumzi katikati ya mstari. Mwalimu akasimamisha wimbo akamuuliza kama nyumbani kwao huwa wanakula kabla sahani hazijafika.

Honi za malori alizipa alama. Tukiwa mazoezini lori linapiga honi barabarani, anasema "Fa, lakini chafu", tunaendelea. Kuna dereva mmoja wa lori la mbao alimpenda. Kila akipita jioni alipiga noti mbili, Mwalimu akajibu mbili za aina hiyo kwa tarumbeta kutoka uani kwake. Hawakuwahi kuonana. Nilimuuliza kwa nini asimsimamishe siku moja wanywe chai. Akanitazama kama nimetukana. Akasema watu wakishasikilizana inatosha.

Hapo ndipo nilipokuwa simwelewi, na bado simwelewi vizuri. Mtu mwenye kelele kuliko wote Iyunga, aliyetufundisha kwamba tarumbeta ni la kuita watu, hakuita mtu. Aliishi peke yake. Misiba yote ya mtaa alipiga, akatangulia mbele ya jeneza na shavu limejaa, lakini kaburi likishafukiwa alifuta midomo, akakunja kitambaa, akaenda zake kabla chakula hakijapakuliwa. Nyumbani alisonga ugali wa watu wawili. Hili nililiona kwa macho yangu kupitia michongoma: alisonga, akaugawa kati, nusu akala, nusu akaufunika. Asubuhi nusu ile alimpa mbwa wa jirani. Mama alisema ni mazoea ya mtu aliyewahi kuwa na mtu, na nisimuulize. Ni jambo moja tu ambalo sijawahi kuulizia, kwa hiyo mjue lilikuwa zito.

Sasa habari ya damu, ambayo nimeichelewesha makusudi.

Kwetu alfajiri ya Pasaka bendi inakwenda makaburini kabla jua halijatoka. Tunawapigia waliolala wimbo wa ufufuko. Ni baridi ambayo mdomo wa tarumbeta unanata kwenye midomo yako, unabanduka na ngozi. Pasaka ya mwaka jana mafua yalikuwa yamepita shuleni na nyumba kwa nyumba, nusu ya bendi ilikuwa inakohoa, na Mwalimu alikuwa na homa siku kadhaa. Mama alimwambia abaki kitandani. Akasema hawa wa makaburini hawana mwingine wa kuwaamsha.

Ubeti wa pili mkono wake ulichota, tukavuta, yeye hakuvuta. Alikohoa. Akatoa kitambaa akakohoa tena, halafu badala ya kukiinua juu ili tunyamaze alikisokomeza mfukoni haraka, kama mtu anayeficha sigara, akatuonyesha kwa kidole tuendelee. Tukaendelea. Atupele alikuwa upande wa mfuko ule, na aliona kingo za kile kitambaa. Baada ya wimbo Mwalimu akachuchumaa nyuma ya msalaba wa saruji, akatema kwenye majani, na jua lilipotoka wote tukaona alichotema. Kilikuwa chekundu kibichi, na kilikuwa na povu.

Mtu akikohoa damu huku kwetu hakuna anayemsubiri daktari. Mzee wa kanisa alirudi nyuma, akatoa leso, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia: "Hiyo ni TB." Ikawa TB. Kabla chai haijachemka Iyunga nzima ilishajua, na kufikia mchana kulikuwa na maelezo mawili. Wa kwanza walisema ameipata kwa kubadilishana midomo ya tarumbeta na watoto wa watu. Wa pili walisema noti za juu zimempasua kifua, mwili haukuumbiwa sauti ile. Mzee wa kanisa aliamini yote mawili. Matarumbeta yakachemshwa. Nasema kweli, mama wawili wa kanisa waliyachemsha kwenye sufuria la pilau la misiba, yakatoka yamebadilika rangi, yakafungiwa stoo.

Sisi bendi tukapelekwa zahanati kupimwa. Tulipewa vikopo tuteme makohozi, kila mmoja kona yake. Mimi nilikuwa mzima kama jiwe, sina hata kamasi, ikabidi Atupele anipigie mgongo kwa ngumi nitoe angalau kitu cha heshima. Majibu yakaja, hakuna hata mmoja mwenye TB. Makohozi ya Mwalimu nayo hayakuonyesha TB. Mngedhani hapo watu wangesema kumbe. Wakasema kipimo kimekosea, si unajua vipimo.

Wakamtibu wanavyojua. Wakamletea nyungu: sufuria la maji ya moto, majani ya mikaratusi, mchaichai, maganda ya limau, halafu unafunikwa blanketi unavuta mvuke. Kila jioni waliliacha sufuria kwenye lango lake, wakabisha kwa fimbo wakiwa mbali, wakaondoka. Wanampenda, msidhani vinginevyo. Waliacha na ndizi, na maziwa, na mayai. Waliacha tu, hawakuingia. Yeye alitoka amevaa koti, akaburuta sufuria ndani, na mimi nikiwa michongomani nilisikia kikohozi chake chini ya blanketi, kizito, chenye maji. Wiki nzima alijifukiza kifua kilichokuwa kinavuja. Uani palikuwa kimya. Lile lori la mbao lilipita likapiga noti zake mbili. Halikujibiwa. Jioni iliyofuata likapita tena, likapiga, likapunguza mwendo kidogo, likapiga tena.

Mama ndiye aliyevuka uzio. Alikwenda kuchukua vitambaa afue, maana aliona havianikwi tena, akamkuta amekaa sakafuni ameegemea kitanda, midomo imekuwa ya bluu, na vile vitambaa vyote vimekunjwa mraba kwenye beseni, vichafu, vimekunjwa hivyo hivyo. Mama alisimamisha gari barabarani kwa kujitupa mbele yake. Mwalimu akafikishwa hospitali kubwa.

Kule walimpima wakakuta kweli ana kirusi, kile kile cha korona, kinachozunguka bado kama mgeni asiyejua kuaga. Lakini daktari, dada mmoja mdogo kwa umbo, hakuridhika. Mimi nilikuwepo, nimepeleka uji na mama. Daktari alimfunua miguu, akabonyeza vidoa vyekundu vilivyojaa kwenye vifundo, havikupotea chini ya kidole. Akatazama mkojo kwenye chupa, ulikuwa rangi ya chai ya rangi. Akamulika puani. Akauliza pua hii imeziba tangu lini.

"Tangu nimjue," nikasema.

"Na sikio?"

"Tangu nimjue."

Akauliza magoti. Mama akanitazama nisijibu tena tangu nimjue. Basi yule daktari akakaa pembeni ya kitanda, na vichekesho vyetu vyote, pua, sikio, magoti, vumbi la malori, akavikusanya kimoja baada ya kingine vikawa ugonjwa mmoja. Majibu ya damu yalipokuja alimweleza mama polepole. Kwamba huyu hana TB. Kwamba mwili una kinga, kama askari, na kinga yake ilianza siku nyingi kukosea adui, ikawa inashambulia mishipa yake mwenyewe ya damu, ile midogo, kidogo kidogo, puani, sikioni. Kisha kirusi kikaingia. Kinga ikaamka yote kwa hasira, ikapiga kirusi, ikapiga na yeye. Mishipa ya mapafu imevimba na kupasuka, damu inamwagikia ndani. Figo nazo zimeguswa. Hauambukizi, akasema. Hajampa mtu na hakupewa na mtu.

Mwalimu alikuwa na kifuniko cha oksijeni usoni. Akakisogeza. Maneno yake nawaandikia bila pua yake, ila ninyi iwekeni.

"Kwa hiyo ni bendi yangu mwenyewe imenigeuka," akasema.

"Unaweza kusema hivyo, mzee wangu."

"Nitapuliza tena?"

Daktari akamrudishia kifuniko. "Kwanza tuone kama utapumua."

Nilitafuta utani wa kusema. Ninao wa kila mahali, hata msibani huwa nabaki nao mmoja. Siku ile mfuko ulikuwa mtupu. Nikamshika kidole gumba cha mguu, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, na kilikuwa cha baridi kama mdomo wa tarumbeta alfajiri.

Alipumua. Ilichukua muda, na dawa za dripu, na vidonge vyenye nguvu. Kabla hajatoka alimpa mama ujumbe: tarumbeta lake lisilochemshwa liko chini ya kitanda, apewe Bi Vurugu alitunze, asilipige. Nikatii nusu. Nimelitunza vizuri sana.

Dada yake akaja akamchukua kumpeleka Iringa. Akaondoka Iyunga bila sherehe, kwenye gari la mtu, dirisha limefungwa.

Sasa angalieni jinsi dunia isivyokuwa na adabu. Mama alipowaeleza kanisani kwamba si TB, kwamba haukuwahi kuambukiza, watu walishikwa na uchungu, wakataka kumwona. Wakapanga kukodi basi zima, kwaya, akina mama, mahindi, kuku hai, mzee wa kanisa mbele kabisa. Dada yake akapiga simu akaomba wasije. Zile dawa zinazomtuliza zinafanya kazi kwa kuilaza kinga. Wale askari waliokosea adui sasa wamelazwa wote, wazuri na wabaya. Mafua ya mtoto, kikohozi cha mgeni mmoja, vinaweza kumwangusha, na kirusi kingine kinaweza kuwaamsha tena wale askari kwa hasira ile ile, damu ikarudi. Daktari amesema hivyo: ikirudi mara ya pili, mapafu yaliyobaki hayatoshi.

Yaani alipokuwa hawezi kumdhuru mtu walimkimbia. Walipotaka kumkumbatia, ikawa yeye ndiye wa kuwakimbia. Mzee wa kanisa alilia alipoambiwa, mbele ya watu, na sikumcheka, ingawa analia kama mlango.

Nilimpigia simu kila Jumapili. Sauti yake ilikuwa imepungua unene. Nikimuuliza anafanya nini anasema anatazama jabali. Kwa dada yake Iringa nyumba iko mlimani kati ya majabali yale makubwa, na moja liko mbele ya baraza. Siku moja nikamuuliza jabali linasemaje. Akasema halikosei noti. Siku nyingine aliniambia ameomba aletewe mdomo wa tarumbeta, ule mdogo mtupu, anapuliza sekunde chache kisha anapumzika. Nikamwambia, Mwalimu, sasa umerudi darasa la kwanza, jihadhari na mbuzi.

"Huku hakuna hata mbuzi," akasema.

Likizo ya Desemba mama alialikwa harusi Iringa, nikang'ang'ania. Nilibeba tarumbeta limevingirishwa kwenye kanga. Daktari alikuwa ameruhusu mgeni mmoja mmoja, mzima, barakoa, dakika chache, na mimi nilikuwa mzima kama siku ile ya vikopo. Kwenye basi akakaa kando yangu mama mmoja mwenye mtoto. Mtoto alianza kukohoa Makambako. Mafinga, baridi ikiingia madirishani, alinipiga chafya usoni moja kwa moja, akacheka. Niliziba pua kwa kanga njia yote, na nikajiambia haijaingia. Tulilala kwa wenye harusi siku mbili, na asubuhi ya kumwona niliamka koo linawasha.

Nikapanda mlima hivyo hivyo. Shangazi, dada yake, alinipokea langoni, ana uso ule ule wa Mwalimu ila wenye pua inayofanya kazi. Nikasema "Kamwene, shangazi," kumfurahisha. Akaitika, akafurahi, na hapo hapo nikapiga chafya.

"Mwanangu, una mafua."

"Ni vumbi, shangazi."

"Vumbi la wapi, na mvua imenyesha tangu jana?"

Hakunigombeza. Alisimama katikati ya lango, mkono huku na mkono huku. Akaniambia Mwalimu alikuwa amenyoa ndevu kwa ajili yangu, amevaa shati tangu asubuhi. Halafu akasema niende salama.

Nikashuka mpaka barabarani chini ya jabali. Pale baraza linaonekana, ila mtu ni mdogo kama kidole. Mama alikuwa ananisubiri pale. Nikafungua kanga, nikatoa tarumbeta, nikapiga noti mbili. Zile za lori la mbao.

Pazia likasogea. Akatoka polepole, amejifunika blanketi, barakoa usoni, na uso umevimba kwa dawa ukawa mviringo kama andazi lililozidiwa amira. Nisingemjua. Akashika nguzo ya baraza. Kisha akautoa mkono wa kulia nje ya blanketi, akauinamisha, akauinua.

Mkono umechota. Nikavuta.

Nikampigia ule wa makaburini, wa Pasaka, mwezi wa Desemba, mchana, watu wakipita na madumu ya maji wakinishangaa. Kila pa kupumulia mkono wake ulichota nami nikavuta pale pale, na nikiwa chini naona blanketi lake kifuani linapanda kidogo wakati ule ule, kidogo sana, linashuka. Tukapiga hivyo ubeti wote, pumzi yangu na yake. Kamasi zilinishuka mpaka kwenye mdomo wa tarumbeta, sikufuta.

Ubeti wa pili shetani akaniingia. Noti ndefu ya mwisho niliiachia ikatetemeka, nikaivunja, nikaimalizia kwa "mee" ya mbuzi kabisa, mbuzi aliyeachwa nje na mvua. Mtoto mmoja mwenye dumu akacheka. Na juu barazani mabega ya Mwalimu yakaanza kutikisika, yale mabega yasiyo na mapafu. Alikuwa anacheka.

Kisha kicheko kikageuka kikohozi.

Aliinama. Akavuta barakoa chini, akaingiza mkono mfukoni, kitambaa kikaenda mdomoni. Shangazi alitoka mbio ndani. Akakohoa, akashika nguzo, akakohoa tena. Mama alinishika bega kwa nguvu mpaka pakauma. Tarumbeta lilikuwa bado mdomoni kwangu na sikuwa na pumzi ya kulijaza wala ya kulitoa. Kikohozi kikakoma. Mwalimu akakitazama kile kitambaa mkononi mwake. Alikitazama muda mrefu, shangazi amesimama pembeni bila kumgusa.

Akakiinua juu.

Nilikuwa nimekwisha kunyamaza. Wote barabarani walinyamaza, hata wasioijua sheria. Akakishika kwa pembe mbili, akakikunjua mbele ya kifua kama mama anavyoonyesha nguo iliyokwisha kushonwa, akakigeuza upande wa pili, polepole, ili nikione vizuri kutoka kule chini.

Kilikuwa cheupe, mbele na nyuma.

Akakikunja mraba, akakirudisha mfukoni, akapandisha barakoa. Mkono wa kulia ukatoka tena kwenye blanketi, ukachota.